Ujumbe umefungwa, majina yako wazi

Kila aliyewahi kuingizwa kwenye kundi la harusi anaijua orodha ile. Namba moja huwa baba mdogo au mwenyekiti wa kamati: laki tano, na pembeni tiki ya kijani kuonyesha kwamba kalipa. Namba mbili laki tatu. Namba tatu laki mbili. Mtu akiahidi, ananakili orodha nzima, anaongeza jina lake chini na kuituma upya, hivyo hadi jioni orodha ile ile imepita machoni pako mara kadhaa, kila ikirudi imerefuka. Hakuna aliyekutajia kiwango. Lakini ukifika katikati ukamkuta mwenzako wa ofisini, ambaye mshahara wake unaujua, kaandika laki moja na nusu, ile elfu hamsini uliyoipanga asubuhi huiandiki tena.

Juu ya kundi hilo hilo, tangu siku lilipofunguliwa, kuna maandishi madogo yenye alama ya kufuli. Yanasema kwamba yanayoandikwa na kuzungumzwa humo yamesimbwa fiche, na kwamba hakuna aliye nje, hata kampuni ya WhatsApp yenyewe, anayeweza kuyasoma wala kuyasikiliza. Maelezo hayo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba kwenye kundi la watu 180, mwenye uwezo wa kukuaibisha, kukutapeli au kukubadilisha mawazo yumo ndani.

Mjadala wa faragha mtandaoni umezoea kuwa na wahusika wawili: raia mmoja upande huu, na upande ule mkubwa fulani, ama serikali inayotaka kusikiliza, ama kampuni ya California inayotaka kuuza matangazo. Wakubwa hao wapo na hawana masihara. Ila wametufunika tusione jambo la tatu, ambalo kwa maisha yetu ya makundi, vikoba na michango lilipaswa kuwa la kwanza: siri za mtu hazikai kwake peke yake. Zimo kwenye simu ya shemeji, kwenye picha alizopiga jirani siku ya kipaimara, kwenye orodha ya majina ya fundi bomba aliyekuja nyumbani mara moja mwaka juzi.

Kufuli lenyewe

Tulitendee haki kufuli kwanza. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009 na Brian Acton na Jan Koum. Koum alizaliwa Kyiv, akakulia Ukraine ya enzi za Kisovieti, na amewahi kusimulia jinsi mama yake alivyokuwa akikatisha mazungumzo ya simu na kusema mengine wataongea wakionana. Mwaka 2014 Facebook iliinunua kampuni hiyo kwa takriban dola bilioni 19. Aprili 2016, watumiaji wakiwa wameshapita bilioni moja, usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho uliwashwa kwa wote bila mtu kuombwa kubonyeza chochote. Hesabu zake zilitungwa na Moxie Marlinspike na Trevor Perrin kwa ajili ya Signal, programu ndogo isiyotafuta faida, na WhatsApp ikaziazima.

Wazo la msingi ni la zamani kuliko simu hizi. Kwa karne nyingi, watu wawili waliotaka kuandikiana kwa siri walilazimika kwanza kukubaliana ufunguo mmoja kwa njia salama, na hapo ndipo siri nyingi zilipovujia. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha njia ya kulikwepa tatizo hilo. Chukulia kwamba unagawa makufuli yako mjini kote yakiwa wazi, ufunguo ukabaki nao nyumbani. Yeyote anaweza kuchukua kufuli lako, akatia barua yake sandukuni na kulibana. Akishalibana, hata yeye mwenyewe hawezi kulifungua tena. Signal iliongeza kwamba ufunguo ubadilike kwa kila ujumbe, ili atakayeiba wa leo asisome ya jana.

Na linafanya kazi. Mwaka 2016 waendesha mashtaka wa Virginia, Marekani, waliitaka Signal itoe taarifa za namba zilizokuwa zikichunguzwa. Signal ilitoa vitu viwili: wakati akaunti ilipofunguliwa na mara ya mwisho ilipounganishwa na mitambo yake. Haikuwa na kingine cha kutoa.

WhatsApp inacho kingine. Haina maneno yako, lakini inaweza kujua ulimwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi, na mko na nani kundi moja. Mtu akipokea simu kutoka maabara saa mbili asubuhi, dakika kumi baadaye akampigia dada yake, kisha akazungumza na wakili saa nzima, huhitaji kusikiliza neno lolote kujua kwamba nyumba hiyo ina jambo. Ndiyo maana Januari 2021, WhatsApp ilipowataka wateja wakubali masharti mapya yaliyogusa namna taarifa zinavyoshirikishwa na Facebook, mamilioni walihamia Signal na Telegram ndani ya wiki chache. Waliokwenda Telegram wakidhani wanakimbilia usiri zaidi walipotea njia. Makundi na mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayana usimbaji wa mwisho hadi mwisho. Unaoupata ni ule wa mazungumzo ya siri ya watu wawili, tena uyafungue kwa makusudi.

Kuna na upenyo tunaouacha wenyewe. Nakala ya akiba ya mazungumzo inayohifadhiwa kwenye akaunti ya Google haikuwa chini ya kufuli hilo hadi WhatsApp ilipoongeza uwezekano huo mwaka 2021, na hata sasa ni lazima mtu auwashe. Tena simu yenyewe inaweza kuvamiwa: mwaka 2019 WhatsApp iliishitaki NSO Group ya Israel baada ya simu zipatazo 1,400 kulengwa kwa programu ya ujasusi ya Pegasus. Usimbaji haukuvunjwa. Mvamizi aliingia ndani ya simu akasoma kama mwenyewe anavyosoma.

Hao ni wavamizi wa gharama kubwa, na wengi wetu hatuna hadhi ya kutumiwa Pegasus. Kwa mtu wa kawaida wa Mbagala au Kariobangi, taarifa hutoka kwa njia rahisi zaidi. Hutolewa na anayemfahamu.

Mmoja kakubali, mia tatu wamechukuliwa

Mfano mkubwa wa jambo hili ni ule ambao watu wengi wanaukumbuka kwa jina bila kukumbuka ulivyofanyika. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Aleksandr Kogan, aliweka Facebook maswali ya kupima haiba ya mtu. Watu wapatao 270,000 waliyajibu na kubonyeza kwamba wanakubali programu isome taarifa zao. Kanuni za Facebook za wakati huo ziliruhusu programu ichukue na taarifa za marafiki wa aliyekubali. Mambo yalipofichuka Machi 2018, Facebook yenyewe ilikiri kwamba walioguswa wanaweza kufika milioni 87. Fanya hesabu: kila aliyebonyeza aliwakubalia wenzake zaidi ya 300 ambao hawakuulizwa.

Taarifa hizo ziliishia Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni ya Uingereza. Kenya imo kwenye hadithi hiyo. Kituo cha televisheni cha Channel 4 kilirusha video iliyorekodiwa kwa siri, ambamo mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, Mark Turnbull, anajigamba kwamba walikibadilisha sura chama cha Uhuru Kenyatta, Rais wa wakati huo, mara mbili, wakaandika ilani yake na kuwahoji watu 50,000 kwa awamu mbili. Chama hicho, Jubilee, kilijibu kwamba kiliiajiri kampuni yenye uhusiano na ile kwa kazi ya kukipa chama mwonekano tu.

Majigambo ya mchuuzi mbele ya mteja si ushahidi, na sidhani uchaguzi wa Kenya wa 2017 uliamuliwa na hesabu za haiba kutoka London. Ofisi ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza, ilipofunga uchunguzi wake mwaka 2020, ilisema mbinu nyingi za kampuni hiyo zilikuwa za kawaida sokoni. Kilichonitia wasiwasi mimi ni ule mlango wa marafiki. Ulikuwa halali kwa kanuni za Facebook, ukawa wazi kwa miaka, na ulifungwa mwaka 2015. Mamlaka ya biashara ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5 mwaka 2019. Lakini wazo la kumfikia mtu kwa kupitia ruhusa ya mwenzake halikufa. Lilihamia kwenye simu, likaja Afrika Mashariki, likaanza kukopesha.

Dhamana ni mama mkwe

Programu ya mkopo wa haraka, kabla ya kukupa elfu thelathini, inaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo simuni. Anayehitaji fedha hiyo mtoto akiwa mgonjwa usiku hasomi masharti. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe unaanza kutoka, na hauendi kwake. Unakwenda kwa bosi, kwa mchungaji, kwa mama mkwe, kwa muuza mkaa: mwambieni fulani alipe deni, ni tapeli, amekimbia. Wengine wameundiwa kundi zima la WhatsApp, picha yao ikawekwa juu na ndugu wakaingizwa mmoja mmoja.

Mikopo hii watu wameipa jina la kausha damu, na hawakukosea. Wakopeshaji hao hawana haja ya mahakama wala dalali. Walichochukua kama dhamana ni heshima ya mkopaji mbele ya watu wake, na orodha ya majina ndiyo hati yake. Mkopaji walau alibonyeza kukubali. Mama mkwe alikubali lini?

Kenya imelijibu swali hilo kwa faini. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Immaculate Kassait, iliitoza Mulla Pride, kampuni iliyoendesha programu za KeCredit na Faircash, shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kuwatumia walalamikaji ujumbe na simu za vitisho. Katika uamuzi uliotangazwa pamoja na huo, Casa Vera, sehemu ya starehe ya Nairobi, ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na Shule ya Roma ya Uthiru 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila ridhaa ya wazazi. Google nayo, mwaka huo huo, ilipiga marufuku programu za mikopo kwenye duka lake kusoma majina na picha zilizomo simuni. Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni.

Leseni ni jambo jema. Lakini kosa la programu hizi halikuwa kukosa karatasi ya Benki Kuu. Mkopeshaji mwenye leseni anayesoma orodha ya majina yangu anamgusa fundi wangu bomba kwa namna ile ile.

Hapa kwetu Tanzania tena namba ni zaidi ya namba. Tangu laini ziliposajiliwa upya kwa alama za vidole, kazi iliyofikia ukomo wake Januari 2020, kila laini ina mwenyewe kwenye kanzidata ya vitambulisho vya taifa ya NIDA. Hayo ni ya serikali. Ya mtaani ni haya: ukitaka kujua namba ngeni ni ya nani, unajifanya unaitumia pesa, jina kamili linatokea kabla ya kuthibitisha, unaghairi. Kwa hiyo anayekuingiza kwenye kundi la wageni 180 amewapa namba yako, na atakayejisumbua kidogo ana majina yako matatu.

Foleni ya 1988

Nirudi kwenye ushawishi, maana wengi huudhani ni suala la maneno matamu na video za uongo. Nguvu yake kubwa iko kwenye kuonekana.

Wakenya wenye umri wanaukumbuka mlolongo. Februari 1988, katika kura za mchujo za KANU, chama pekee kilichokuwapo, wapiga kura walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wanayemtaka au wakala wake, wakahesabiwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Viongozi wa makanisa walikuwa wameupinga utaratibu huo tangu 1986, wakiuliza mchungaji atasimamaje nyuma ya mtu mmoja mbele ya waumini waliogawanyika. Walielewa jambo ambalo wahandisi wa mitandao walikuja kulipima kwa tarakimu baadaye: mtu anayetazamwa na majirani huwa hachagui peke yake.

Kipimo chenyewe kilifanyika tarehe 2 Novemba 2010, siku ya uchaguzi wa bunge la Marekani. Facebook na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwawekea watu milioni 61 tangazo la kuwakumbusha kupiga kura. Karibu wote waliliona likiwa na picha za marafiki zao waliokwisha kubonyeza kwamba wamepiga. Wachache, kama 600,000, waliliona tangazo lile lile bila nyuso. Wengine idadi kama hiyo hawakuona kitu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2012, na watafiti walikadiria kwamba kura zipatazo 340,000 ziliongezeka kwa sababu ya tangazo hilo. Nyuso ndizo zilizofanya kazi: walioona tangazo tupu hawakujitokeza zaidi kupiga kura kuliko wale ambao hawakuona chochote. Na sehemu kubwa ya nyongeza ilitoka kwa watu ambao wenyewe hawakushawishiwa na Facebook, walishawishiwa na rafiki wa karibu aliyeshawishiwa.

Kamati za harusi zilijua hivyo bila Nature. Ondoa majina kwenye orodha ya michango, uache jumla tu, uone bajeti ya ukumbi itakavyopungua. Sisemi hili ni ovu. Kuonekana huko kumejenga nyumba za wajane na kulipa bili za Muhimbili ambazo hakuna benki ingezilipa. Ninachosema ni kwamba nguvu hiyo hiyo, mikononi mwa mtu mwingine, inauza dawa za uongo, inakusanya fedha za upatu, na inamfanya mwalimu anyamaze kwenye kundi la kata kwa sababu wote waliotangulia wameweka kidole gumba juu kwa mheshimiwa. Usimbaji fiche hauna la kufanya hapo. Waliomnyamazisha walikuwa wameruhusiwa kusoma.

Kuuzuia mkono bila kusoma barua

WhatsApp ililiona tatizo hili lilipokuwa limeshaua. Mwaka 2018, India, uvumi kuhusu wateka watoto ulizunguka kwenye makundi na watu wasio na hatia wakauawa na umati. Kampuni haikuweza kufuta uvumi kwa kuwa haikuweza kuusoma. Kufuli ni kufuli. Ikaamua kuupunguza mwendo. India iliwekewa kikomo cha kusambaza ujumbe mahali patano kwa mkupuo mmoja, na Januari 2019 kikomo hicho kikawa cha dunia nzima. Aprili 2020, corona ikiwa imetujaza malimau, tangawizi na sauti za madaktari wasiojulikana, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, ule wenye mishale miwili, ukaruhusiwa kwenda mahali pamoja tu kwa wakati. WhatsApp ilisema usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Hesabu ya mikono husafiri ndani ya ujumbe wenyewe, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuufungua.

Ni suluhisho la kiungwana, na kwa maoni yangu lina akili kuliko kelele zote za kutaka makampuni yaweke ufunguo wa akiba kwa ajili ya polisi. Ufunguo ukiwapo, ule utakaotumika leo kumtafuta mtekaji utaazimwa kesho na anayemtafuta mwandishi. Lakini halimgusi anayenakili na kubandika, na halimgusi mama mdogo. Tunaamini habari kwa sababu ya aliyeileta. Ujumbe wa ofa ya bando la bure ukitoka kwa mtu usiyemjua ni utapeli. Ukitoka kwa mama mdogo unakuwa jambo la kujaribu, kwani kubonyeza kunagharimu nini? Matapeli wanalijua hilo kuliko wataalamu. Zamani walikuwa wakituma ujumbe wa kubahatisha kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii. Siku hizi wanakudanganya uwatajie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, wanaichukua akaunti yako ya WhatsApp, na kuwaomba pesa watu wako kwa jina lako na picha yako. Hawakuiba maneno yako. Wameiba kuaminiwa kwako.

Asiye na jina

Kama kuonekana kunashawishi, kutoonekana kunaachia ulimi. Tanzania imewahi kuwa na kesi juu ya jambo hilo. JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ilianzishwa mwaka 2006 na ikawa mahali ambapo mtumishi wa chini aliweza kueleza alichokiona ofisini bila kuandika jina. Desemba 2016 mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa na kushitakiwa, polisi wakitaka majina ya walioandika. Hakuyatoa. Mashauri yalikwenda kwa miaka. Aprili 2020, katika mojawapo, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi na kumtoza faini ya shilingi milioni tatu au kifungo cha mwaka mmoja. Katikati ya mashauri hayo, mwaka 2019, Kamati ya Kulinda Wanahabari yenye makao New York ilimpa tuzo yake ya kimataifa.

Wapo wanaosema kutoandika jina ni uoga na ni kichaka cha matusi. Matusi yapo, kila anayesoma mtandaoni ameyaona. Lakini karani anayejua zabuni ilivyopikwa, mwenye wakubwa watano juu yake na watoto watatu shuleni, tukimtaka aweke jina lake tumeshamjibu kwamba anyamaze. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao na kujisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kifaa ambacho faida yake kwa wengi ni kutojulikana kikatakiwa kiandikishwe kwa jina. Sioni kinachobaki humo.

Nani alikubali?

Sheria tunazo. Kenya ilipitisha yake mwaka 2019, Uganda mwaka huo huo, Rwanda 2021. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Zote zimejengwa juu ya ridhaa ya mtu mmoja: taarifa ni zako, ukikubali zinachukuliwa, ukikataa haziguswi, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa na sheria. Ni msingi mzuri kwa hospitali na benki. Kwa orodha ya majina haufai kitu, kwa sababu anayeulizwa ni mwenye simu na wanaochukuliwa ni wengine. Na yanayofanywa na mtu binafsi kwa mambo yake ya nyumbani, sheria ya Kenya imeyaacha nje waziwazi. Shemeji anayetupa skrinishoti ya ugomvi wenu kwenye kundi la ukoo hatafikiwa na kamishna yeyote, na sitamani afikiwe. Huyo anahitaji kuambiwa na wakubwa zake.

Mkopeshaji ni habari nyingine, na Tume ya Tanzania ina nafasi ya kulimaliza tatizo lake kwa kanuni moja: namba iliyomo kwenye simu ya mtu ni taarifa ya mwenye namba, na ridhaa ya mwenye simu haitoshi kuichukua. Ikiandikwa hivyo, biashara ya kukopesha kwa dhamana ya mama mkwe imekwisha, mwenye leseni na asiye nayo.

Wakati tunaisubiri, fungua mipangilio ya simu yako uangalie ni programu zipi zimeruhusiwa kusoma majina, na uzinyime zile zisizoyahitaji. Tochi na kikokotoo havina kazi na namba ya mjomba. Ndani ya WhatsApp, kwenye faragha, chagua nani anaweza kukuingiza kwenye kundi. Uwezo huo upo tangu 2019. Weka namba ya siri ya uthibitisho wa hatua mbili. Ukiwa admini wa kundi la michango, uliza kabla ya kuingiza watu, na ukubali mtu akuletee mchango wake pembeni bila jina kwenye orodha.

Na kama umewahi kutumiwa ujumbe wa kudaiwa deni la mtu mwingine, jua kwamba mlalamikaji ni wewe, ingawa hukukopa hata senti. Kenya, ofisi ya kamishna inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 90. Tanzania, malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Piga skrinishoti ya ujumbe ule, yenye namba na tarehe, uipeleke huko kabla ya kuifuta kwa hasira.